Dawa ya kuhara huanzia kwenye bajeti ya maji

KUHARA ni ugonjwa ambao kwa kawaida hautusumbui sisi madaktari kuutibu. Mtoto akiwahishwa hupewa maji ya chumvi na sukari, akaongezewa tembe za zinki, na baada ya siku chache anarejea kucheza. Shida ni kwamba mwezi ufuatao mama yule yule hurudi na mtoto yule yule.

Wengi hukimbilia kumlaumu mama kwa uchafu. Hebu kwanza tufanye hesabu kidogo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 za maji kwa siku kwa mahitaji ya lazima. Familia ya watu sita, basi, inahitaji mitungi sita ya lita 20. Katika vijiji vingi vya Kitui na Makueni wakati wa kiangazi, mama asiye na punda hubeba mtungi mmoja mgongoni. Akienda mtoni mara mbili kwa siku amepata lita 40, yaani chini ya lita saba kwa kila mtu.

Maji hayo yatanywewa na kupikiwa kwanza. Ya kunawa mikono baada ya kutoka chooni hubaki machache au hukosekana kabisa. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo, upele na maradhi ya macho hupata nafasi. Hata visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo si tiba ya kila mahali, kwani vingi katika kaunti hizi mbili vina maji ya chumvi.

Kwa hivyo dawa halisi haiko kwenye kabati la zahanati. Iko katika sheria na bajeti.

Jiji la London lilijifunza somo hili zamani. Mwaka wa 1854 Dkt John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilikuwa kikitoka kwenye pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street. Lakini ugonjwa haukukoma kwa uvumbuzi huo. Ilibidi Bunge lipitishe sheria mwaka wa 1858 na kuruhusu fedha za kujenga mifereji mikubwa ya majitaka. Mlipuko mkubwa wa mwisho, mwaka wa 1866, uliwapiga hasa wakazi wa mashariki ya jiji, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika.

Hapa Kenya sheria tunazo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Huduma za maji na usafi zimekabidhiwa kaunti, lakini ulinzi wa mito na ujenzi wa mabwawa makubwa umo mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kila bonde la mto liwe na mpango wake, na kaunti zilizomo bondeni zishauriwe.

Kwa nini bonde na si kaunti? Kwa sababu mto hautambui mpaka. Mto Nairobi huingia mto Athi, na Athi hupita kati ya Makueni na Kitui kabla ya kumwaga maji yake Bahari Hindi karibu na Malindi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, liko pale mto Thwake unapokutana na Athi. Limekusudiwa kuweka zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji.

Naam, msomaji wa Nairobi, unachomwaga kwenye mtaro leo kiko njiani kuelekea bwawa hilo. Mabilioni ya kujenga ukuta hayatakuwa na faida kamili ikiwa hakuna pesa za kusafisha majitaka huku juu. Kusafisha maji yaliyochafuka vibaya ni ghali, na gharama hiyo humfikia mnywaji.

Jambo la pili ni mchanga. Kwa miaka mingi wakazi wa Kitui na Makueni wamejenga kuta za mawe na saruji katika mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake. Jua haliyafikii upesi, mbu hawapati mahali pa kutagia, na mchanga wenyewe huyachuja, ingawa bado yafaa yachemshwe. Mchanga huo ukizolewa na malori kwenda kujenga nyumba mijini, maji nayo huondoka. Ndiyo maana sheria ya kuhifadhi mchanga, ambayo Makueni ilipitisha 2015, mimi naihesabu kuwa sheria ya afya.

Mwaka huo huo Makueni iliweka kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, zikitenga asilimia moja ya bajeti ya maendeleo. Huo ni mfano mwema. Hata hivyo, sharti tukumbuke kwamba mradi bila fedha za ukarabati hufa. Pampu ikiharibika, mama hurudi kwenye kidimbwi anachonywea ng'ombe.

Wewe ufanye nini? Nyumbani, chemsha maji au utie dawa ya klorini, funika mtungi, nawa mikono kwa sabuni. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari mapema na umpeleke kliniki akilegea, akikataa kunywa au akitoa damu.

Kisha nenda kwenye mikutano ya bajeti. Kisheria, makadirio ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Uliza maswali matatu: maji yametengewa kiasi gani, ukarabati umepata ngapi, na nani atapima usafi wa maji hayo?

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii hupitishwa kwa kura.