Kabla ya Kununua Gari Kuukuu la Familia: Kagua Stakabadhi, Injini na Breki

Bonasi ya chai inapolipwa au mkopo wa SACCO unapotoka, familia nyingi katika Kaunti ya Meru huanza kutafuta gari dogo. Hapa Nchiru, kwenye barabara ya Meru–Maua, Toyota Corolla na Nissan Sunny za zamani bado zinabeba watoto na mazao. Vipuri vyake hupatikana na mafundi wanayafahamu. Hata hivyo, gari la miaka 20 halinunuliwi kwa rangi. Akiba ya miaka mingi inaweza kuishia gereji kwa miezi michache. Mkazi anashauriwa kufuata hatua hizi kabla ya kutoa pesa, hata ikiwa ni malipo ya awali tu.

Anza na stakabadhi

Injini mbovu hutengenezwa, lakini gari lenye deni au la wizi linaweza kuchukuliwa kabisa. Ingia kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, lipa ada na utafute rekodi ya gari hilo. Linganisha jina la mwenye gari na kitambulisho cha muuzaji. Kisha linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizochongwa kwenye gari lenyewe. Ukiona zimekwaruzwa au kuchomelewa, ondoka.

Jina la benki au la kampuni ya mikopo likiwa kwenye logibuku pamoja na la muuzaji, gari hilo ni dhamana ya deni. Usilipe kabla deni hilo halijaondolewa rasmi.

Tazama pia mwaka wa kutengenezwa. Nambari ya usajili huonyesha tu wakati gari liliposajiliwa Kenya. Kwa kuwa kanuni huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, gari lililoingia 2010 huenda lilitengenezwa 2003.

Likague likiwa baridi

Nenda asubuhi, mchana na si usiku, pamoja na fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji. Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa ina joto, huenda anaficha ugumu wa kuwaka.

• Fungua kifuniko cha oili. Uji wenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi pekee.
• Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za injini na za mifuko ya hewa ziwake, kisha zizime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imekatwa ili kuficha hitilafu.
• Tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaweza kuwa maji. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.
• Inua zulia la ndani na gurudumu la akiba, utafute kutu na dalili za kuchomelea.
• Soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT kwenye tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.
• Vuta mikanda yote ya usalama, hasa ya kiti cha nyuma wanapokaa watoto.

Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Corolla 110 yenye injini ya 5A hutumia mkanda, na ukikatika gari husimama hapo hapo. Corolla NZE yenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo.

Liendeshe mlimani

Kuzunguka uwanja wa muuzaji hakutoshi. Tafuta mlima mrefu, upande huku ukitazama kipimo cha joto. Ukishuka, sikiliza breki: usukani usitetemeke wala gari lisivute upande mmoja. Gia za otomatiki zishike bila kuchelewa wala kugonga. Mahali penye nafasi, kata kona hadi mwisho. Mlio wa tak-tak kwenye magurudumu ya mbele ni ishara kwamba viungio vya ekseli vimechakaa.

Usilipe yote kwa tumaini

Andikeni mkataba mbele ya mashahidi, na ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake, nawe unauthibitisha kwenye yako. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka mabadiliko haya yaarifiwe ndani ya siku 7. Kwa muuzaji pia ni kinga, kwani sheria hiyo humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Gari likisababisha ajali, atakayetafutwa kwanza ni yeye.

Ulizia bima mapema, kwa sababu kampuni nyingi huweka kikomo cha umri wa gari kwa bima kamili. Tena, usimalize pesa zote kwenye bei. Tenga za oili, filta, breki na tairi.

Usajili wa magari ni jukumu la NTSA, taasisi ya serikali ya kitaifa. Mkazi asiye na simu ya intaneti anaweza kutafuta usaidizi wa eCitizen katika Huduma Centre, mjini Meru. Muuzaji akikukataza kuleta fundi au kutafuta rekodi, hilo pekee ni jibu tosha: tafuta gari lingine.