Ua la Ami: Zuri kwa Macho, Kali kwa Ngozi

Bila shaka umewahi kuona dania iliyoachwa shambani mpaka ikapita wakati wake wa kuchumwa. Hurefuka, majani yake huwa membamba kama nyuzi, na juu hutokeza vishada vya maua madogo madogo meupe. Sasa fikiria kishada kama hicho, lakini kikubwa kama kiganja cha mkono, cheupe pe, kama vile vitambaa vya krosheti ambavyo akina mama hufunikia makochi. Hilo ndilo ua tunalotaka kuzungumzia. Wakulima huliita ami. Jina lake la kitaalamu ni Ammi majus.

Ami ni jamii moja na karoti na dania. Asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania na bonde la mto Nile. Ni mmea wa msimu mmoja tu: huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa. Hapa kwetu Kenya hulimwa katika sehemu za juu zenye baridi, na wenye mashamba makubwa na hata wakulima wadogo, ili kuuzwa ng'ambo kama ua la kujazia shada. Pia huuzwa papa hapa nchini kwa arusi na kwa kupamba altare.

Tunaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, linaweza kumletea pesa mtu mwenye kipande kidogo cha shamba. Pili, kuna wanaolilima bila kuambiwa kwamba utomvu wake huunguza ngozi. Kosa hilo sisi wenyewe tulilifanya.

YALIYOTUPATA

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama kuanza bustani ya ami. Tuliwapa mbegu, tukawafundisha kupanda na kupalilia. Kuhusu utomvu hatukusema neno, kwa maana hatukujua.

Jumatatu moja tuliitwa na shule ya jirani. Msichana wa darasa la nne alikuwa na malengelenge begani na mkononi, yamejipanga mistari mistari kama mtu aliyemwagiwa maji moto. Mtoto huyo alilelewa na mama wa kambo, na unajua vile watu husema. Tulipofika, kesi ilikuwa imeshaamuliwa midomoni mwa watu. Yule mama alikuwa analia. "Haki ya Mungu sijamguza huyu mtoto," akatuambia. "Waulizeni majirani. Waulizeni hata yeye mwenyewe."

Basi tukamwuliza mtoto. Akasema hakuchomwa na mtu. Jumamosi alisaidia kubeba maua mpaka barabarani, mzigo umelazwa begani, saa sita mchana. Hapo muuguzi wa zahanati akauliza ni maua gani. Tulipowaita wanakikundi, wengine wawili wakakunja mikono ya sweta zao na kutuonyesha madoa meusi waliyokuwa wakiyaficha. Mmoja alifikiri ni sabuni mbaya. Mwingine aliamini amerogwa.

Tulirudi shuleni, tukaeleza mbele ya walimu na wazazi, na tukamwomba yule mama msamaha. Malengelenge ya mtoto yalipona, ingawa doa lilikaa miezi mingi. Mama wa kambo hakurudi tena katika kikundi. Ndiyo maana tunaanza na jambo hili kabla ya kutaja jembe.

KWA NINI HUUNGUZA

Ndani ya utomvu wa ami mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikiwa kwenye ngozi gizani hazifanyi neno. Lakini jua likizipiga, ile miale yake tusiyoiona kwa macho huziamsha, nazo huunguza ngozi. Ngozi iliyolowa maji au jasho huumia zaidi.

Tena, moto wake hauji papo hapo. Leo unakata maua, huhisi kitu. Kesho ngozi inakuwa nyekundu na kuwasha. Siku ya pili au ya tatu malengelenge yanatokea. Kwa sababu ya kuchelewa huku, mtu hakumbuki maua, na anaanza kutafuta mchawi.

Wamisri wa zamani waliijua nguvu hii na waliitumia ami kutibu mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Cairo walijaribu kemikali iliyotolewa katika mbegu zake, na mpaka leo dawa ya namna hiyo hutumiwa hospitalini pamoja na mwanga uliopimwa. Lakini jameni, hiyo ni kazi ya daktari. Usijipake wala usinywe mbegu hizi nyumbani. Mifugo pia iepushwe: ng'ombe, kondoo, bata na kuku wakila ami, hasa mbegu, kisha wakakaa juani, huungua midomo, ngozi na macho.

KUPANDA

Ami hupenda jua, udongo mlaini usiotuamisha maji, na hali ya hewa ya baridi kiasi. Mzizi wake hushuka moja kwa moja chini kama wa karoti, kwa hivyo haupendi kuhamishwa. Ni vizuri kupanda mbegu pale pale itakapokulia.

1. Lima kwenda chini vizuri, uvunje mabonge. Changanya samadi iliyooza kabisa. Usizidishe, kwa maana mbolea nyingi huleta mabua marefu yasiyo na nguvu.

2. Tengeneza matuta ya upana wa mita moja, ili uweze kufika katikati bila kukanyaga.

3. Mbegu ni ndogo sana. Changanya na mchanga mkavu, kisha mwaga katika mistari iliyoachana sentimita 30. Funika kwa udongo kidogo tu.

4. Nyunyiza maji kwa kopo lenye matundu madogo. Mbegu huota baada ya wiki moja hadi tatu. Usikate tamaa mapema.

5. Miche ikifika urefu wa kidole, punguza ibaki sentimita 20 hadi 30 kati ya mmoja na mwingine. Kuna wanaoona uchungu kung'oa mche mzuri. Lakini ikisongamana huwa myembamba, na ukungu mweupe huishika.

Usipande ami mahali palipotoka karoti au dania msimu uliopita, kwa sababu hizo ni ndugu, na wadudu na magonjwa yao ni yale yale.

KUTUNZA

Ami hufika urefu wa mita moja na zaidi, na upepo mmoja wa jioni waweza kuilaza yote. Kabla haijafika magotini, simamisha vigingi pembeni mwa tuta na upitishe kamba pande zote. Ukingoja ianguke ndipo uifunge, mabua yatakuwa yamepinda, na bua lililopinda halina mnunuzi.

Mwagilia chini kwenye mizizi, si juu ya maua. Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidukari. Wakiwa wachache, waondoe kwa maji ya sabuni kidogo. Usikimbilie dawa kali, kwa maana ami ikichanua huita nyigu wadogo na nzi fulani ambao watoto wao hula vidukari hao. Wafaidi mboga zako pia wakiwa karibu.

Kutoka kupanda mpaka kukata hesabu miezi mitatu hadi minne, kulingana na baridi ya mahali. Ua hili hupenda mchana mrefu, na kwetu karibu na ikweta mchana haurefuki, kwa hivyo lisikushangaze likijikokota kidogo.

KUKATA: SAA NDIYO SIRI

Kata wakati sehemu kubwa ya vijiua vya kishada, kama vinne katika kila vitano, imefunguka na kuwa meupe. Ukikata mapema, shingo hulegea na ua hunyauka ndani ya ndoo. Ukichelewa, hupukutika mezani.

Wengi hukata asubuhi. Lakini asubuhi umande umelowesha mikono, na mbele yako kuna jua la siku nzima. Sisi tunawashauri wanakikundi wakate jioni, kuanzia saa kumi na moja. Jua limepoa, maua hayana joto, na ukimaliza unaoga. Maua yalale ndani ya ndoo safi yenye maji, kivulini. Asubuhi yatakuwa yamekunywa vya kutosha na yako tayari kwa safari.

Mambo ya kuzingatia:

- Vaa nguo ya mikono mirefu na glavu za mpira. Glavu za kitambaa hunyonya utomvu na kukushikishia.

- Usibebe mzigo begani wala kifuani. Tumia ndoo au mkokoteni.

- Watoto wasikate, wasibebe, wala wasichezee mabua.

- Utomvu ukikugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji, na ufunike mahali hapo pasipate jua kwa siku mbili.

- Malengelenge yakitokea, usiyapasue. Nenda zahanati, na useme wazi kwamba ulikuwa ukikata ami.

Tangu tubadilishe saa na kununua glavu, kikundi hicho hakijapata mgonjwa mwingine.

SOKO KWANZA, MBEGU BAADAYE

Usipande kwa ajili ya ng'ambo kabla ya kupata mnunuzi. Ua si mahindi. Likikosa soko hulili. Anayenunua ili kusafirisha nje lazima awe na leseni kutoka kwa serikali. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya HCDA, na tangu mwaka 2014 iko chini ya AFA. Mwombe akuonyeshe. Makubaliano yaandikwe: bei ya kila bua, urefu unaotakiwa, siku ya malipo, na nani anabeba hasara ya maua yanayokataliwa. Broka asiyetaka kuandika, mwache apite.

Soko la karibu nalo lina kalenda yake. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne na siku chache za sherehe, na arusi hupungua. Anayetegemea parokia asipange maua yake yakomae wakati huo. Alenge Pasaka, Agosti na Desemba. Kwa Krismasi, panda kuanzia mwisho wa Agosti, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, ili usivune yote siku moja.

Na kila kitu kiandikwe: mbegu, glavu, kamba, nauli, na saa za kazi za kila mama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kazi zetu za shamba, ni mimea au dawa gani tunazogusa bila kujua madhara yake? Nani anaweza kutueleza?

2. Ni kazi zipi tunazowapa watoto ambazo hazifai?

3. Tukiona mtoto ana jeraha, tunauliza kwanza, au tunahukumu kwanza?