Ganzi ya kemotherapi si baridi ya Njombe

MWEZI Julai mjini Njombe, mtu akilalamika kwamba vidole vyake vimekufa ganzi hakuna anayeshtuka. Mji huo wa nyanda za juu ni miongoni mwa maeneo yenye baridi kali nchini, na kila mkazi anaijua dawa yake: soksi nzito, chai ya moto na jiko la mkaa karibu na miguu.

Hata hivyo, mazoea hayo yana hatari kwa kundi moja, nalo ni la wanawake wanaotibiwa saratani ya matiti. Kwao, ganzi inaweza kuwa ishara kwamba dawa wanazotundikiwa kwa dripu zimeanza kudhuru mishipa ya fahamu. Wanapodhani kuwa ni baridi hukaa kimya, na kimya hicho kinaweza kuwaachia ulemavu ambao ungeweza kupunguzwa.

Tatizo linaongezwa na umbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, ndiyo hospitali maalumu ya taifa kwa ugonjwa huo, nayo ipo zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako. Dawa hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani kusubiri mzunguko unaofuata. Kwa sababu hiyo, madhara mengi humkuta akiwa shambani, sokoni au jikoni, mbali na daktari wake.

Madhara yanayojulikana zaidi ni kichefuchefu, kutapika na kunyonyoka nywele, na mgonjwa huyatarajia. Ganzi humshtukiza, kwani huanza taratibu na haionekani kwa macho ya mtu mwingine.

<b>Kwa nini miguu huanza</b>

Dawa inayohusishwa zaidi na tatizo hili katika tiba ya saratani ya matiti ni paklitakseli. Asili yake ni gome la mti wa Marekani, na muundo wake ulitangazwa na wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake walieleza inavyofanya kazi: hukaza nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya seli, hivyo seli ya saratani hushindwa kujigawa.

Tatizo ni kwamba nyuzi za aina hiyo zimo pia ndani ya mishipa ya fahamu, ambako hutumika kama barabara ya kusafirishia chakula na vifaa vya ukarabati. Mfano mwepesi ni barabara itokayo Makambako kupitia Njombe hadi Songea. Ikiharibika, wa kwanza kukosa bidhaa ni walio mwisho wa njia. Mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayofika kwenye nyayo. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu, kisha hufuata vidole vya mikono.

Tatizo hili si nadra. Uchambuzi wa tafiti 31, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa mbalimbali za saratani, ulionyesha kuwa takriban asilimia 68 walikuwa na dalili za mishipa ya fahamu katika mwezi wa kwanza baada ya kumaliza tiba. Baada ya miezi sita au zaidi, kiwango kilishuka hadi asilimia 30. Kwa maneno mengine, wengi hupata nafuu, lakini si wote.

<b>Kuitambua</b>

Ganzi ya baridi huondoka mtu akishaota moto. Ganzi ya dawa hubaki hata chini ya blanketi. Kwa kawaida hushika miguu yote miwili au mikono yote miwili kwa pamoja, na huongezeka kila dripu inapoongezwa. Wengine huhisi kuchomwachomwa kama sindano, wengine kuungua, na wengine huona kama wamevaa soksi ilhali wako peku. Kufunga vifungo, kuokota sarafu au kumenya viazi huwa kazi ngumu.

Yapo pia maumivu ya misuli na viungo yanayoanza siku moja hadi tatu baada ya dripu na kuisha ndani ya wiki moja hivi. Haya yanaweza kumkuta mgonjwa akiwa ndani ya basi akirejea nyumbani.

Wagonjwa wengine husahau majina, hupoteza mtiririko wa mazungumzo au hushindwa kufuatilia hesabu za biashara. Hali hiyo imethibitishwa na watafiti, na kwa wengi hupungua kadiri muda unavyopita. Haina uhusiano na kurogwa wala si wazimu. Kuandika mambo kwenye daftari na kufanya jambo moja kwa wakati husaidia.

<b>Sababu huweza kuwa zaidi ya moja</b>

Kwa Njombe, suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa mkoa huo ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU), asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. VVU vyenyewe huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Stavudini, dawa ya zamani ya kupunguza makali ya virusi hivyo, nayo ilisababisha ganzi, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iachwe hatua kwa hatua.

Isoniazidi, inayotumika kutibu na kukinga kifua kikuu, huweza kuleta tatizo hilohilo, na ndiyo sababu huambatanishwa na vitamini B6. Kisukari na unywaji wa pombe kupita kiasi navyo vimo katika orodha. Mgonjwa anayeficha lolote kati ya hayo kwa kuona haya humnyima daktari nafasi ya kupanga tiba kwa usalama.

<b>Kusema mapema</b>

Mwongozo wa Jumuiya ya Marekani ya Madaktari wa Saratani (ASCO), uliohuishwa mwaka 2020, unaeleza kuwa hakuna dawa inayopendekezwa kwa ajili ya kuzuia madhara haya. Kwa ganzi inayoambatana na maumivu, dawa pekee iliyopendekezwa ni duloksetini, na hata nafuu yake ni ya wastani. Silaha kubwa iliyobaki ni uamuzi wa daktari: kuchelewesha dozi, kuipunguza, kubadili dawa au kuisitisha.

Ratiba nayo ina mchango. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, ganzi ya kiwango cha kati na kikali iliwapata asilimia 27 ya wanawake waliopewa paklitakseli kila wiki, ikilinganishwa na asilimia 20 ya waliopewa kila wiki tatu.

Wapo wanaonyamaza wakihofia kwamba wakisema, dawa itakatwa na saratani itarudi. Wapo pia wanaoamua kimya kimya kutorudi hospitali. Njia zote mbili ni za hasara. Daktari anayepewa taarifa mapema huweza kulinda tiba na mishipa kwa pamoja. Anayeambiwa mgonjwa akiwa tayari ameshindwa kutembea hubakiwa na nafasi finyu.

Tahadhari inahitajika pia kwa vidonge vya dukani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusu wanawake zaidi ya 400 wenye saratani ya matiti, ulibaini kuwa nyongeza ya lishe iitwayo asetili-el-kanitini, iliyotarajiwa kuzuia ganzi, ndiyo iliyoizidisha. Vitamini B6 nayo, ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu bila ushauri, huharibu mishipa ileile inayodhaniwa kutibiwa.

<b>Nyumbani</b>

Mguu wenye ganzi haumpi mwenyewe taarifa. Kaa la jiko, maji ya moto au mwiba wa shambani huweza kuleta kidonda kabla hajahisi. Inafaa kuvaa viatu vilivyofunika miguu hata ndani ya nyumba, kujikinga na baridi kwa soksi na blanketi badala ya kusogeza miguu kwenye moto, kupima maji ya kuoga kwa kiwiko au kumwomba mwingine ayapime, na kukagua nyayo kila jioni. Usiku, taa iwe karibu ili kuepuka kuanguka. Kutembea na mazoezi mepesi husaidia kulinda nguvu na mizani ya mwili.

Baadhi ya dalili hazisubiri tarehe ya kliniki. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, degedege, kuchanganyikiwa, au miguu kulegea pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dharura. Homa kwa mtu aliye kwenye kemotherapi nayo ni dharura, kwa kuwa kinga yake huwa imeshuka. Mgonjwa awahishwe hospitali iliyo karibu akiwa na kadi inayoonyesha dawa anazopewa, asisubiri safari ya Dar es Salaam.

Kwa yaliyobaki, daftari dogo linatosha. Mgonjwa aandike tarehe ya dripu, siku ganzi ilipoanza, imefika wapi na kazi gani imemshinda. Kabla ya dripu nyingine kutundikwa, amsomee daktari au muuguzi alichoandika.