Rap: makelele ao ushuhuda?

Baba na mama, mara ngapi mumezima redio sababu mutoto anasikiliza rap? Na weye kijana, mara ngapi umeimba maneno bila kujua maana yake? Leo tusikilizane kidogo.

Muziki huu ulianza mwaka 1973 ku Bronx, mu mitaa ya maskini ya New York. Vijana walikuwa na mashini mbili za kupiga diski, na mikro. Mu 1982 Grandmaster Flash na wenzake walitoa "The Message", wimbo wa kusimulia taabu ya mitaa yao. Hapo watu walitambua: rap si ya kucheza tu, inaweza kushuhudia.

Mutoto wa Lubumbashi

Baloji alizaliwa Lubumbashi mu 1978. Angali mudogo, baba yake alimupeleka Ubelgiji, akatengana na mama yake miaka mingi. Kisha, siku moja, barua ya mama ikamufikia. Jibu lake lilikuwa diski nzima, "Hotel Impala": mutoto anamuhesabia mama maisha yake, wimbo kwa wimbo.

Mu "Siku ya Baadaye" alitwaa "Indépendance Cha Cha" ya Kabasele, ya 1960, akaweka swali ndani: kisha furaha ile, tulifanya nini na inchi yetu?

Na jina lake! Sisi wote tunajua baloji ni nani: ni walozi. Hakulificha. Mu 2023 filamu yake "Augure" ilionyeshwa ku Cannes, Ufaransa, ikapata zawadi. Mutu mumoja anarudia Kongo kutoka Ubelgiji, na jamaa yake wanamukataa sababu ya alama ku uso. Wanasema ni mulozi. Ndugu musomaji, mu mutaa wako hakuna mutoto aliyefukuzwa na neno hilo hilo?

Tufanye nini?

Si kila rap ni nzuri. Kuko ya matusi, kuko ya kuzarau wanawake, kuko ya kusifu paka feza. Lakini Mithali 31:8 inatuagiza kusema kwa ajili ya wasio na sauti. Rap inaweza kufanya kazi ile.

Mzazi, mbele ya kulaumu, keti na mutoto, musikilize wimbo moja mpaka mwisho. Umuulize: maneno haya yanasaidia nani?

Na weye kijana, usiige maisha ya Amerika. Andika yale unayoyaona: baba anayengoja mushahara, mutoto anayebeba mawe ku karieri saa wenzake wako ku masomo. Andika kweli, bila matusi. Kisha uwasomee wazazi.