Uchujaji wa Umeme katika Amplifaya za Gitaa za Valvu

Amplifaya ya gitaa ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista, haiwezi kutumia umeme wa ukutani jinsi ulivyo. Umeme unaofika Mundika, magharibi mwa Kenya, sawa na ule wa ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, ni mkondo geu wa volti 240 hivi, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali anodi za valvu, sehemu zinazopokea elektroni, hudai mamia ya volti za mkondo mnyoofu usioyumba.

Kazi ya kuunyosha mkondo hufanywa na rektifaya, ambayo katika amplifaya nyingi za zamani nayo ni valvu, lakini umeme hutoka humo kwa mapigo 100 kila sekunde, na mapigo hayo yasipotulizwa husikika kwenye spika kama mvumo. Kinachoyatuliza ni kapasita, kifaa kinachopokea chaji pigo linapopanda na kuitoa linaposhuka, mfano wa tangi linaloendelea kutoa maji baada ya mvua kukatika.

Amplifaya ya Fender Deluxe 5E3, iliyoundwa Marekani miaka ya 1950, inaonyesha mpango huo waziwazi, kwa kuwa ina kapasita tatu za mikrofaradi 16 kila moja, zilizotenganishwa na rizista za omu 5,000 na omu 22,000. Mkondo wa miliampea 80 ukivutwa kutoka kapasita ya kwanza, volti huweza kuyumba kwa takriban 50. Rizista ya kwanza na kapasita ya pili hupunguza myumbo huo mara 50 hivi, hadi volti moja, na hatua ya tatu huuacha katika milivolti chache tu. Valvu mbili za mwisho huvumilia umeme wa hatua ya kwanza kwa sababu hufanya kazi kwa kupokezana, na mapigo yanayozifikia kwa pamoja hufutana ndani ya transfoma ya spika, lakini valvu za mwanzo, ambazo sauti yake hukuzwa tena na tena, hupewa umeme uliochujwa zaidi.

Marekani hutumia mizunguko 60, hivyo mapigo huko ni 120 kwa sekunde, na myumbo uleule ungekuwa volti 42. Kwa amplifaya ya Marekani inayotumiwa kwa umeme wa hapa, transfoma ya kushushia volti 240 hadi 120 hairekebishi tofauti hiyo, kwa maana hubadilisha volti tu, si idadi ya mizunguko. Tena transfoma iliyo ndani ya amplifaya, iliyoundwa kwa mizunguko 60 hupata joto zaidi inapoendeshwa kwa 50.

Hata hivyo, kuweka kapasita kubwa kupita kiasi si dawa, kwa sababu hulazimisha rektifaya kupitisha mkondo mkali kwa muda mfupi na kuichakaza: valvu ya GZ34, kwa mfano, imewekewa ukomo wa mikrofaradi 60. Aidha, hupunguza ule ulegevu wa volti nyuzi zinapopigwa kwa nguvu, ambao wapiga gitaa wengi huupenda.

Kwa hiyo, amplifaya ya zamani inapovuma, fundi abadilishe kwanza kapasita zilizokauka kwa nyingine za kiwango kilekile, na asiguse chochote ndani kabla ya kuchomoa waya, kumwaga chaji kupitia rizista na kuhakikisha kwa mita kwamba volti zimekwisha, kwani chaji iliyobaki huweza kuua.