Wakala ndiye dhamana ya mtandao

Pesa za simu ziliingia sokoni Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kampuni husema mteja anaiamini mifumo yao kwa sababu ni ya haraka na salama. Wanaoshinda vibandani wana maelezo mengine.

Wakala mmoja wa Kariakoo, aliyeomba asitajwe jina, anasema mteja wake hauamini mtandao, anamwamini yeye. Pesa ikikwama, mteja hahangaiki na huduma kwa wateja. Anarudi kibandani, tena kwa ukali. Kinachomuuma wakala zaidi ni suala la kurudisha muamala. Anadai aliwahi kukosea tarakimu moja, pesa ikaingia kwenye laini ya mtu anayedaiwa mkopo wa simu, na mfumo ukakata deni papo hapo. Alipopiga simu akaambiwa asubiri. Baadaye akaambiwa salio la mpokeaji halitoshi. Hasara aliibeba mwenyewe, kwa muamala ambao kamisheni yake, anasema, haifiki nauli ya daladala.

Tangu hapo hagusi kitufe cha mwisho kabla mteja hajasoma namba kwa sauti. Mezani ana daftari la mistari: namba, kiasi, saa, sahihi. Mfumo unatunza hayo yote, lakini ugomvi ukizuka daftari ndilo hufunguliwa kwanza.

Ofisa mmoja wa sekta hiyo anasisitiza kuwa miamala yenye migogoro ni michache mno. Alipoulizwa ni mingapi, hakutaja idadi. Na kesi zinazomalizwa kibandani ni vigumu kuamini kwamba zimo katika hesabu zake.

Kuonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri kumewatuliza wengi. Hata hivyo, kwa hofu ya meseji feki, wenye maduka wanaopokea malipo kwa lipa namba huangalia salio kwanza ndipo watoe mzigo. Usahihi wa mashine nao hautoshi kujenga imani: tozo za serikali kwenye miamala ya simu, zilizoanza Tanzania Julai 2021, zilikatwa barabara kama ilivyoagizwa, lakini wapo waliorudi kwenye fedha taslimu, na Septemba viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30.

Huenda miamala ikaendelea kukua, hasa lipa namba ikizoeleka. Lakini kadiri haja ya kutoa pesa inavyopungua, ndivyo kamisheni ya wakala inavyoyumba, na haijulikani nani atabaki kupokea lawama. Wakala wa Kariakoo hasubiri jibu. Anatafuta friji ya mtumba aanze kuuza soda.