Nani Anayehariri Gazeti? (Sehemu ya Pili): Mkono wa Mwenye Tangazo

Juma lililopita tulizungumzia bahasha, ile anayotiliwa mwandishi mkutano unapokwisha ili habari itoke. Wasomaji wengi huitaja hiyo kwanza wanapolalamika kuwa habari zimenunuliwa, na wana haki. Lakini bahasha hununua habari moja tu. Mwenye matangazo makubwa anaweza kupata ukimya wa mwaka mzima bila kutoa rushwa hata senti moja.

Tuitazame Kenya. Fedha anazotoa msomaji hazitoshi kuliendesha gazeti. Pengo huzibwa na matangazo, na serikali, kwa zabuni zake, nafasi za kazi na notisi, ni miongoni mwa wateja wakubwa kabisa. Mwaka 2015 iliunda wakala mmoja wa kununua matangazo kwa niaba ya wizara na mashirika yake. Ilieleza kuwa inabana matumizi, hoja isiyostahili kubezwa. Hata hivyo, ofisi moja ikapata uwezo wa kuamua gazeti lipi lishibe na lipi lilale njaa. Machi 2024 likatoka agizo jingine: matangazo ya redio na televisheni ya taasisi za serikali yaende KBC, shirika la utangazaji la serikali, pekee.

Sasa mweke mhariri katikati ya hayo. Tarehe 2 Januari 2016 gazeti la Saturday Nation lilichapa tahariri ya mhariri wake Denis Galava iliyomkosoa vikali Rais Uhuru Kenyatta. Galava alisimamishwa, kisha akaachishwa kazi. Kampuni inayomiliki gazeti hilo ikasema hakufuata utaratibu. Machi 2018 waandishi wanane wa safu, wakiwamo Maina Kiai na Rasna Warah, waliacha kuyaandikia magazeti ya kampuni hiyohiyo wakilalamikia kuminywa kwa uhuru wa uhariri. Sidai kwamba matangazo ndiyo yaliyosababisha hayo. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu, maana mhariri mwenye hofu ya kupoteza mteja hangoji kupigiwa simu. Huifuta habari mwenyewe, na msomaji haioni kamwe. Hapo ndipo shaka ya wananchi inapomea, na kuwaambia tu kwamba tuko huru hakutaing'oa.

Gazeti linalotaka kuaminiwa na lichapishe kila mwaka ni sehemu gani ya mapato yake inayotoka serikalini, na kwa kampuni zipi kubwa. Nawe msomaji, lidai hilo kwa barua kwa mhariri wako.

Juma lijalo: wamiliki walio wanasiasa.